Pete ya Mkereza

Siku mataifa mawili yalipofunga undugu
nilikuwa nimeinama juu ya kerezo, Karaganda,
vumbi la chuma limenijaa kopeni,
nje theluji imekuwa kijivu kwa moshi wa makaa.
Redioni zikapigwa nyimbo mbili za taifa, mmoja mrefu mno.
Waziri wetu akasema: ndugu.
Waziri wa Chile akasema: ndugu.
Mkalimani akasema ndugu mara mbili, akalipwa mara moja.

Miezi kumi na minne walikuwa wamebishana
bendera ipi itangulie mlangoni mwa kituo,
nani akae kulia, mkate wa nani ukatwe kwanza,
kule kwenye mzingo wa Mshtarii
ambako hakuna kulia
wala mkate.
Hesi hakuna aliyeiulizia.

Mimi ndiye niliyekunjua michoro nikaona:
bomba letu la hewa hukazwa kwa kuzungusha kulia,
tangi lao hukazwa kushoto.
Ndugu hawa, nikamwambia Sholpan mke wangu,
hawawezi kuazimana hata pumzi.
Akanimiminia chai ya maziwa.
Basi wakerezee pete, akasema.

Gramu mia nne na kumi na mbili.
Mdomo mmoja hesi ya kulia, wa pili ya kushoto;
ukiishika kiunoni ukaizungusha
inawavuta wote wawili kwa pamoja,
au inawaachia wote wawili.
Haina upande wa mwenyeji.
Katika orodha ya mizigo waliiandika
baina ya miswaki na dawa ya fangasi.

Miaka sita.
Kisha bei ya lithiamu.
Balozi wao akaondoka Astana na paka wake kikapuni.
Gazeti lililoandika ndugu likaandika waliokuwa.
Kijana wa mtaani kwetu akavunja kioo cha mgahawa
uitwao Valparaiso,
mali ya Mtatari mmoja asiyewahi kuiona bahari.

Na huko juu, wiki hiyohiyo, tangi lao likapasuka.
Wanne upande wao: Millaray Huenchul, na watatu
ambao majina yao nimechelewa kujifunza kuyatamka.
Watatu upande wetu.
Nahodha Raikhan akaomba amri.
Dakika arobaini na moja, ombi kufika;
dakika arobaini na moja, jibu kurudi;
katikati, saa tano za watu waliokaa vitini
wakipumua.
Jibu likasema: Subirini.

Likakuta pete imekwisha fungwa.

Alinisimulia mwenyewe, jikoni kwetu,
nywele zimeota mvi upande mmoja tu.
Mwanzoni, alisema, tuliishika wote wawili,
mimi huku, Millaray kule,
kila mtu akizungusha alivyofundishwa kwao.
Pete ikagoma. Tukakaza zaidi, ikagoma zaidi.
Nyuma yake nilimsikia mtu akikohoa.
Ndipo Millaray akaondoa mkono wake.
Akauweka kifuani, hivi, nami nikauona umetulia,
na amri yangu ya kusubiri ilikuwa njiani, naye alijua.

Mkataba ulikuwa hapo, Raikhan alisema,
akaomba chai nyingine.
Sholpan akasahau kuweka maziwa.

Juzi kamati imeniletea barua.
Wanataka kipimo cha tundu la pete kwa milimita,
ili wapige hesabu ya hewa iliyopita,
kilo ngapi, kwa bei ya mwaka upi,
na nani amdai nani.
Nimeiweka chini ya birika. Imeshapata duara jeusi,
kipenyo chake naweza kuwapa.

Leo asubuhi wameleta michoro ya mshirika mpya,
karatasi bado zina joto la mashine,
bendera mbili pembeni, rangi nzuri.
Nimefuta miwani kwa ncha ya shati.
Nafunua ukurasa kwa ukurasa,
natafuta hesi yao inaelekea wapi.